Ufundi wa Yatokanayo

Katika orodha ya agenda za Baraza la Madiwani, baada ya kufungua mkutano na kuthibitisha muhtasari uliopita, huja kipengele kinachoitwa yatokanayo. Mgeni hakioni kuwa na lolote. Waandishi wa habari husubiri hoja kali za mchana, na wananchi waliokaa viti vya nyuma hutumia muda huo kuulizana yupi ni diwani wa kata gani. Mimi hukipenda kuliko vyote. Hapo ndipo halmashauri inapojibu, hadharani, kila baada ya miezi mitatu: mlisema mtafanya hivi, je, mmefanya?

Nazungumzia halmashauri za miji na manispaa za Tanzania, zile za ukubwa wa kati ambazo hutajwa kwenye taarifa ya habari pale tu zinapopata mgogoro. Siku zake nyingi hazina mgogoro wowote. Zina mgawanyo wa vizimba vya soko, ratiba ya magari ya taka, choo cha stendi, upungufu wa matundu ya vyoo shuleni, ombi la mtu anayetaka kiwanja chake cha makazi kiruhusiwe kuwa na biashara, zahanati iliyofika usawa wa lenta ikasimama. Kuyachukua mambo hayo moja moja, kuyatoa mdomoni mwa mkazi hadi kwenye karatasi yenye saini, kisha kuyatoa kwenye karatasi hadi kwa fundi mwenye mwiko, ni ufundi kamili, na wapo watu wanaoumudu vizuri sana.

Tumeshaonja maisha bila ufundi huo. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na shughuli zake zikahamishiwa kwa watendaji wa mikoa na wilaya chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Miji iliumia upesi. Kazi za kila siku zilikosa mwenyewe: mitaro iliziba, taka zikarundikana, huduma zikachakaa, na katikati ya muongo ule kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Sheria za mwaka 1982, Namba 7 kwa mamlaka za wilaya na Namba 8 kwa mamlaka za miji, ndizo zilizojenga msingi tulio nao, na wilaya nazo zikaanza upya mwaka 1984. Katika mahojiano ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kwangu maneno hayo yana uzito mkubwa, maana yametoka kwa mtu aliyekuwa na madaraka yote ya kunyamaza.

Njia ya jambo ni ndefu, na urefu wake una sababu. Mkazi huinuka kwenye mkutano wa mtaa, akasema maji ya mvua yanaingia ndani. Mtendaji wa Mtaa huandika. Jambo likiuzidi mtaa, hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ndiye katibu. Kutoka hapo hufika makao makuu ya halmashauri, kwa wataalamu: mhandisi, afisa mipango miji, afisa afya, mweka hazina. Timu ya menejimenti hukaa chini ya Mkurugenzi na kuliangalia kwa jicho la sheria na la fedha. Ndipo liende kamati za kudumu, Mipango Miji na Mazingira kwa mfano, au Uchumi, Afya na Elimu, na likigusa fedha lipite Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo hukutana kila mwezi. Mwisho kabisa hulifikia Baraza.

Anayelitazama kwa mbali ataona urasimu. Ukilifuata jambo moja njia hiyo yote, utaona kwamba kila ngazi imeliongezea kitu ambacho ngazi ya chini haikuwa nacho. Mtaa ulijua nyumba zinazofurika, kata ikajua kwamba mtaa wa jirani una shida hiyohiyo kwa sababu mfereji ni mmoja, mhandisi akajua kipenyo cha kalavati na bei yake, na mweka hazina akajua kama kifungu kina bakaa. Baraza linapopiga kura linapigia kura jambo lililokwisha kupekuliwa.

Kisheria, Katibu wa Baraza ni Mkurugenzi. Yeye huketi karibu na Meya na kutoa ufafanuzi. Ila pembeni yao, mara nyingi kwenye meza ndogo isiyo na kibao cha jina, huketi ofisa wa utawala mmoja au wawili wenye daftari, kompyuta na kinasa sauti. Hao ndio ninaowavulia kofia. Wao huandaa kabrasha, yaani mkusanyo wa taarifa zote za kikao, huhakikisha limewafikia wajumbe kabla ya siku yenyewe, hurekodi kinachosemwa, na baadaye huandika muhtasari.

Kabrasha zuri ni kazi ya huruma. Sheria haimtaki diwani awe na shahada. Sifa ya elimu ni kujua kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au Kiingereza. Mle ukumbini hukaa mwalimu mstaafu, mfanyabiashara wa mbao, mkulima wa mpunga, wakili, mama aliyeanza uongozi kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Wote wana kura sawa juu ya bajeti ileile. Mweka hazina akileta jedwali la mapato lililojaa vifupisho na namba za vifungu peke yake, amewafungia nje nusu ya wajumbe bila kutamka neno. Ofisa anayejua kazi humrudia: weka makisio ya mwaka, weka kilichokusanywa hadi robo hii, weka asilimia, kisha eleza kwa sentensi mbili kwa nini ushuru wa soko umeshuka. Onyesha wazi asilimia 10 ya mapato ya ndani inayopaswa kukopeshwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ili mjumbe aweze kuuliza ziko wapi. Siku hizi baadhi ya halmashauri zimeanza kugawa vishikwambi badala ya makaratasi. Kazi ya kulifanya jedwali lieleweke imebaki palepale.

Lakini penye ufundi wenyewe ni kwenye azimio. Tuurudie mtaro wa yule mkazi. Wajumbe wanaweza kuujadili kwa nusu saa nzima. Mmoja ataeleza jinsi watoto wanavyobebwa mgongoni kwenda shule. Wa pili atakumbusha kwamba kata yake iliahidiwa mtaro mwaka juzi. Wa tatu atalaumu wanaotupa taka mferejini, wa nne atamjibu kwamba gari la taka halipiti. Sauti zitapanda. Mwandishi asiyejua kazi atatoka na sentensi kama hii: "Wajumbe walisikitishwa na hali ya mtaro na kuagiza hatua za haraka zichukuliwe." Isome tena utafute nani ameagizwa. Hayumo. Sentensi hiyo inaweza kukaa kwenye faili miaka mitano bila kumsumbua mtu yeyote.

Mwandishi anayejua kazi ameshasikia, katikati ya zogo lile, kwamba kuna mambo matatu. Anajua pia jambo ambalo wajumbe wengine huwa wamelisahau: tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri zimekabidhiwa TARURA, wakala wa barabara hizo, kwa hiyo kuna mitaro ya barabara ambayo Baraza haliwezi kumwagiza mhandisi wake aende kuijenga. Basi huandika: Mkurugenzi aiandikie TARURA kuhusu mtaro huo, akiambatisha taarifa ya ukaguzi wa eneo, kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao. Mkuu wa kitengo cha usafi aongeze zamu ya gari la taka katika mitaa miwili iliyotajwa, na atoe taarifa kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Idara ya mipango iwasilishe orodha ya mitaro iliyoahidiwa na haijajengwa, ikionyesha ipi imo kwenye bajeti na ipi haimo. Maazimio matatu, na kila moja lina mtu, kitendo na siku. Uchungu wa diwani wa kwanza haumo kwa jina, lakini ndio uliozaa yote matatu.

Kuchagua cha kuacha nako kunahitaji moyo mtulivu. Maneno makali yaliyowatoka watu kwa hasira huachwa. Hoja iliyoshindwa kwa kura haiachwi, na mjumbe akiomba msimamo wake uingizwe, huingizwa, hata kama ni yeye peke yake. Nimesoma mihtasari ya zamani ambamo hoja ya mtu mmoja ilikataliwa, na ukiisoma leo unaona aliona mbali. Bila mkono mwaminifu wa mwandishi tusingejua kwamba kulikuwa na mtu aliyesema.

Meya hodari, au mwenyekiti kwa halmashauri ya mji, husaidia sana kazi hii. Mjadala ukiiva, huukata kwa upole: "Waheshimiwa, naona tumekaribiana. Mkurugenzi, tusomee tulichoazimia." Azimio husomwa kwa sauti kabla ya kwenda agenda nyingine. Mara nyingi mtu husimama: "Mheshimiwa Meya, hatukusema mwezi ujao, tulisema ndani ya siku 14." Hurekebishwa hapohapo, na kila mtu anatoka akiwa amesikia jambo moja. Mwenyekiti asiyefanya hivyo humwachia mwandishi akisie, na mgogoro huibuka miezi mitatu baadaye wakati wa kuthibitisha muhtasari.

Kuthibitisha huko nako hufanywa kwa utulivu unaopendeza. Ukurasa wa kwanza? Kimya. Ukurasa wa pili? "Mheshimiwa, jina langu limekosewa." Ukurasa wa tano? "Pale mstari wa tatu, ni madarasa manne, si matatu." Darasa moja pungufu kwenye karatasi laweza kuwa darasa moja pungufu shuleni, kwa hiyo sioni udogo wowote hapo. Marekebisho yakiisha, mwenyekiti na katibu hutia saini, na tangu dakika hiyo maneno yale si ya aliyeandika tena, ni ya halmashauri. Mkaguzi anaweza kuyashika. Mahakama inaweza kuyaitisha.

Sheria ndogo huchukua muda zaidi, na ni haki yake. Halmashauri ikitaka kuweka sheria ndogo ya usafi wa mazingira au ya ada za maegesho, rasimu hupita kamatini, wananchi hutangaziwa ili wenye pingamizi walete, Baraza hupitisha, lakiri ya halmashauri hugongwa, Waziri huridhia, na hatimaye hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mwanasheria wa halmashauri anayelifuatilia faili hilo ngazi kwa ngazi bila kuruka moja anamkinga mama anayeuza mboga asitozwe faini isiyo na mguu wa sheria.

Turudi kwenye yatokanayo. Huletwa kama jedwali: namba ya muhtasari, azimio, anayehusika, hatua iliyofikiwa. Diwani mzoefu hafungui kabrasha ukurasa wa kwanza, huanza na jedwali hili, na macho yake huenda moja kwa moja safu ya mwisho. "Imetekelezwa" humfanya aulize ushahidi. "Ipo hatua ya ununuzi" humfanya aulize zabuni imetangazwa lini. "Utekelezaji unaendelea" ndiyo anayoisaka hasa. Hurudi kwenye kabrasha la robo iliyopita, na la kabla yake, na akikuta maneno hayohayo mahali pote pawili, hunyoosha mkono. Wakuu wa idara wanamjua diwani wa namna hiyo, na taarifa zao huandikwa kwa uangalifu zaidi kwa sababu yupo.

Ofisa wa vikao naye ana nguvu kubwa hapa, nguvu isiyotajwa popote. Azimio ambalo halijatekelezwa haliondoi kwenye jedwali. Mkuu wa idara anaweza kuhamishwa, Mkurugenzi akateuliwa mwingine, diwani aliyelianzisha akafariki; mstari ule utaendelea kurudi robo baada ya robo, ukiwa na tarehe yake ya mwanzo. Vishawishi vya kuufuta vipo, hasa pale jambo lenyewe linapomwaibisha mtu. Asiyekubali kuufuta anaulinda mji wake kuliko wengi wanaopigiwa makofi.

Kila baada ya miaka mitano, kuelekea uchaguzi mkuu, mabaraza huvunjwa. Madiwani hurudi kwenye kata zao, wengine kuomba kura tena, wengine kupumzika, na shughuli za kila siku hubaki mikononi mwa Mkurugenzi na watumishi. Baada ya uchaguzi huja sura mpya. Huapishwa, humchagua Meya na naibu wake, huunda kamati za kudumu, na hupewa semina ya kanuni. Kisha huwekewa mezani kabrasha la kwanza. Ndani yake, kama ofisi ya vikao ilifanya kazi yake, yamo maazimio yote ambayo Baraza lililopita halikuyamaliza, na mjumbe wa siku ya kwanza anaweza kumuuliza mhandisi habari za mtaro ule na kudai ajibiwe.