Wazazi Tunaowaruka Katika Yohana 9

Habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9, tumeisikia ikihubiriwa karibu kila mara kwa namna moja. Mhubiri huanza na swali la wanafunzi juu ya dhambi, hupita kwenye tope na birika ya Siloamu, kisha huwaita wagonjwa waje mbele waombewe. Hatupingi maombi hayo. Tunachopinga ni kuiacha nusu ya sura, maana humo wamo wazazi.

Kuanzia mstari wa 18 wazazi wa kipofu wanaitwa kuhojiwa. Wanakiri kwamba ni mtoto wao, na kwamba alizaliwa hivyo. Zaidi ya hapo wanakataa kusema. Ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Wahubiri wakiwataja, huwaita waoga. Lakini Yohana anaieleza hofu yao: waliogopa kutengwa na sinagogi. Watu waliomlea mtoto kipofu hadi akawa mtu mzima walikuwa wakiwaogopa watu wa ibada. Wala hatusomi kwamba kuna jirani aliyesimama pamoja nao.

Tazama pia mstari wa 34. Mafarisayo wanamwambia aliyeponywa kwamba amezaliwa katika dhambi. Wazo hilo wanafunzi walilileta mwanzoni, na Yesu alilikataa katika mstari wa 3. Basi yeyote anayemwuliza mzazi alimkosea nani hata akapata mtoto wa namna hiyo, amerudia neno la Mafarisayo, hata kama amelisema kwa upole na Biblia mkononi.

Katika usharika wetu alikuwapo mama mwenye mtoto wa miaka 3 aliyekuwa na mtindio wa ubongo. Aliombewa mara nyingi. Mtoto alipozidi kushindwa kukaa, mama akaanza kuulizwa habari za laana ya ukoo wake. Akaacha kuja. Tulidhani amehama, wala hatukwenda kuuliza. Katika sura hiyohiyo, Yesu aliposikia kwamba yule mtu ametolewa nje, alikwenda akamwona. Sisi tulihubiri muujiza, tukasahau mstari wa 35.

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au akiwa bado mchanga. Huenda alikosa hewa, au alipata manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Mtoto huhitaji mazoezi ya viungo, kukalishwa vizuri na kulishwa polepole asipaliwe. Hiyo ni kazi ya kila siku, na mara nyingi anayeifanya ni mama peke yake. Mtoto anazidi kuwa mzito, na mgongo unaombeba ni uleule.

Marko 9 inatuonyesha njia nyingine. Baba amemleta mwanawe mwenye kifafa, na waandishi wanabishana na wanafunzi huku mtoto akiteseka. Yesu anapofika, kabla ya kuponya, anamwuliza baba hali hiyo imempata mtoto tangu lini. Baba anapata nafasi ya kueleza habari za moto na maji, na hata kukiri kwamba imani yake ni haba. Hakuna anayemkemea.

Tunawaomba wahubiri waisome Yohana 9 mpaka mwisho, na washarika waulize kama Yesu alivyouliza: imeanza lini, na mnaendeleaje? Kisha mmoja akae na mtoto ili mama alale saa 2, mwingine atoe nauli ya kliniki, na vijana watengeneze kiti cha kumkalisha mtoto ibadani. Mama yule yupo bado. Nyumba yake haiko mbali na kanisa.