Soksi Mbele ya Feni: Kuchuja Vumbi la Masimba

Januari na Februari, mvua ikikatika, udongo mwekundu wa Gusii uliokuwa matope hugeuka unga. Kila bodaboda na kila lori la majani chai linalopita sokoni Masimba hutimua vumbi hilo hadi ndani ya saiba, ambayo mlango wake hushinda wazi kutwa. Ongeza unga wa kinu cha jirani na nyuzi za nguo za wateja, kisha fungua kesi ya kompyuta: hitisinki imevaa blanketi.

Dawa inayojulikana ni kipande cha soksi ya nailoni kilichobandikwa kwenye feni. Dawa yenyewe ni nzuri, ila mara nyingi hubandikwa pasipofaa.

Chukua zile kompyuta za ofisi zinazoletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimeshatumika, Dell OptiPlex au HP Compaq. Feni ya nyuma kwa kawaida hutoa hewa nje, na ya pawa saplai vilevile. Hewa inayotoka lazima ifidiwe. Ikikosa njia pana mbele, itapenya popote: kwenye mwanya wa sidii, kwenye matundu ya USB, kwenye nafasi ya nyuma ambako kadi iling'olewa na kibati chake kikapotea. Ukivisha feni ya nyuma soksi, umechuja hewa inayotoka, na vumbi lilikwisha kubaki ndani. Zaidi ya hapo, umeipunguzia mashine pumzi.

Kipimo ni rahisi. Shika ukanda mwembamba wa tishu karibu na kila mwanya, mashine ikiwa inafanya kazi. Ukivutwa ndani, hapo ndipo vumbi linapoingilia. Ziba mianya hiyo kwa selotepu, rudisha kibati cha kadi au kata kingine cha plastiki, kisha acha mlango mmoja tu wa hewa, mbele, wenye feni inayovuta kuingia ndani. Lengo ni hewa inayoingia izidi kidogo inayotoka, ili mianya iliyosalia iwe inapuliza nje. Kazi hii ya kuziba inachosha kuliko kushona soksi, na ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Sasa kichujio chenyewe. Wavu wa dirishani wa kuzuia mbu una matundu yanayokaribia milimita moja na zaidi. Utazuia nywele na nyuzi, lakini udongo mwekundu utapita. Nailoni ya soksi ina matundu madogo zaidi, mradi usiivute sana, kwa maana ikivutwa hufunguka. Sifongo ya godoro iache kitandani: ni nzito mno kwa feni ya kompyuta, ambayo haina nguvu ya kuvuta hewa penye kizuizi.

Fremu bora hutoka kwa feni iliyokufa. Tafuta ya milimita 120, kata kitovu na mapanga yake, ubaki na pete ya mraba. Matundu yake ya skrubu, yaliyoachana milimita 105, yanalingana na ya feni nzima. Tandaza nailoni juu ya pete, ifunge kwa uzi, kisha ifunge pete mbele ya feni. Unene wa pete unaiweka nailoni mbali na mapanga, kwa hiyo kelele hupungua na hewa hupita kwenye uso wote wa kitambaa.

Kama uso wa kesi una nafasi, fanya kichujio kiwe kikubwa kuliko feni. Duara la milimita 120 lina takriban sentimita za mraba 113. Fremu ya sentimita 20 kwa 15 ina 300. Hewa ileile ikipita hapo, kasi yake hushuka chini ya nusu, na kitambaa huikinza kidogo sana.

Pima joto la prosesa kabla na baada, kwa kazi ileile na saa ileile ya mchana. Likipanda nyuzi tatu au nne, sawa. Likipanda kumi, kitambaa ni kizito au kimejaa. Hapa Masimba ina bahati kuliko Mombasa: kila nyuzi moja ya ubaridi chumbani huwa karibu nyuzi moja ya ubaridi kwenye prosesa, na nyanda za juu hazina joto la pwani. Kwa hiyo nafasi ya kuvumilia nyuzi chache za kichujio ipo.

Soksi ifuliwe kwa sabuni, na ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Wakati wa kiangazi fua kila wiki, na usikose kufua kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA, wakati saiba hujaa na mashine hazizimwi. Ukipuliza ndani kwa bloa, shika mapanga ya feni yasizunguke, la sivyo utaharibu beringi. Pawa saplai usiifungue. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Laptopu usiivishe kitu. Feni yake ni ndogo mno kwa kichujio chochote cha kushona. Iweke juu ya ubao mgumu, na isafishwe na fundi.