Filta ya mashine ya boti: hesabu madumu, si miezi

Kitabu kinachokuja na mashine ya boti kina jedwali la matengenezo, na kwenye mstari wa filta ya mafuta mara nyingi utakuta agizo lilelile: saa 100 za kazi au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Wengi husoma neno "mwaka" wakaridhika. Kwa maoni yangu, mwaka huo uliwekwa kwa ajili ya mwenye boti ya starehe, anayeingia majini mwisho wa wiki, kisha boti ikashinda bandani. Mvuvi wa Kilwa Kivinje au wa Ukerewe anayechapa mashine saa nne kwa siku, siku sita kwa wiki, anazimaliza saa 100 katika wiki nne na siku kidogo. Akingoja mwaka uishe, filta moja itakuwa imebeba mzigo wa filta kumi na mbili.

Basi ahesabu saa? Tatizo ni kwamba mashine ndogo za kushika mkono, zile za farasi 15 na za farasi 40 zilizojaa pwani na ziwani, kwa kawaida hazina mita ya saa, na simjui nahodha anayeandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Ila kila nahodha anajua ametumia madumu mangapi ya petroli, maana gharama ya mafuta hukatwa kwanza kabla mapato ya samaki hayajagawanywa. Hesabu hiyo ipo tayari na inatosha. Filta haichoshwi na kalenda. Inachoshwa na lita zinazopita ndani yake na taka zilizomo kwenye lita hizo.

Tupige hesabu. Mashine ya tustroki ya farasi 15 ikiwa moto wote hunywa lita sita hadi saba kwa saa. Katika kazi halisi, ya kukimbia, kupunguza na kusubiri nyavu, chukulia lita tano. Ya 40 hupita lita 15 kwa saa ikikimbizwa. Chukulia 12 kwa wastani. Kwa hiyo saa 100 za kitabu ni lita 500 kwa ile ndogo na lita 1,200 kwa ile kubwa, yaani madumu 25 na madumu 60 ya lita ishirini.

Hapo bado tunafuata kitabu, na kitabu kinadhani mafuta yanatoka pampu ya kituo yakiwa safi na kuingia moja kwa moja kwenye tanki. Yetu yana safari ndefu zaidi. Yanatiwa kwenye dumu ambalo jana lilikuwa la mafuta ya kula au la maji, yanapakiwa kwenye pikipiki, yanakaa mchangani mwaloni, halafu yanamiminwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako huku upepo ukirusha manyunyu ya maji ya chumvi. Wengine huweka kipande cha kanga mdomoni mwa chupa ili kuchuja. Kanga inazuia mchanga, ni kweli, lakini inaachia nyuzi, na nyuzi hizo ndizo unazokuja kuzikuta zimejiviringisha kwenye wavu wa filta. Faneli yenye wavu wake ni bora mara kumi. Kwa mazingira hayo mimi nakata hesabu ya kitabu nusu: madumu 12 kwa mashine ya 15, madumu 30 kwa ya 40. Hayo ni makadirio ya kuanzia, na filta yenyewe itakusahihisha ukijua kuisoma.

Kuisoma si kazi. Filta ya mashine ndogo ni kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, ndani kikiwa na wavu. Kifungue polepole, umimine kilichomo kwenye chupa nyeupe, uiache itulie dakika tano. Petroli hukaa juu, maji hushuka chini kwa sababu ni mazito kuliko petroli, na mpaka kati yao unaonekana wazi kama mstari. Kwenye mafuta yenye oili ya tustroki iliyotiwa rangi huwezi kukosea: juu pana rangi, chini ni meupe. Kisha tazama taka. Chenga za kahawia zinazoacha alama ya kutu kidoleni zimetoka kwenye tanki la chuma. Vipande vyeusi laini ni mpira wa mafuta unaokufa kwa ndani, na hapo kubadilisha filta peke yake ni kupoteza hela, badilisha mpira. Utando wa njano unaonata ni petroli iliyolala muda mrefu. Baadhi ya vikombe vina pete nyekundu inayozama kwenye petroli na kuelea kwenye maji, hivyo ikipanda huhitaji hata kufungua ili ujue kuna maji.

Wavu unaoshwa kwa petroli safi na kurudishwa ikiwa haujachanika. Filta ya karatasi haioshwi. Kuipuliza kwa mdomo kunafungua vitundu kwa nguvu na kupeleka uchafu kule kule ulikozuiwa usifike.

Sasa jambo linalowachanganya mafundi wengi: mbona mashine inazima siku ya kusi kali, na siku ya bahari shwari inakwenda bila shida na filta ileile? Jibu liko chini ya tanki. Maji na mchanga hukaa kitako, mdomo wa kunyonya ukiwa juu yake kidogo. Bahari ikitulia, uchafu unalala. Mawimbi yakianza kurusha boti, tanki linachafuka lote na mashine inanyonya uchafu wa miezi mitatu kwa nusu saa. Ndiyo maana mabadiliko ya filta yafanywe kabla ya msimu wa kusi, tanki nalo likamwagwe na kusuuzwa siku hiyohiyo.

Dalili za filta kuziba zina mpangilio wake. Mashine inawaka kwa mvuto mmoja, ikiwa sailensa inatulia, ukiongeza moto inakimbia kidogo kisha inalegea, ukipunguza inarudi. Kabla hujalaumu kabureta, shika pampu ya mkono. Ikiwa imenywea na kujikunja, tatizo liko nyuma yake: kizibo cha hewa cha tanki hakijafunguliwa, au mdomo wa kunyonya umeziba. Ikiwa imejaa na ni ngumu huku mashine inalia njaa, tatizo liko mbele, na filta ndiyo ya kwanza kushukiwa. Nimeona kabureta zikifunguliwa ufukweni, jeti zikidondoka mchangani, kwa kosa la kizibo cha hewa.

Hatari yenyewe si kuzimika tu. Kwenye tustroki ya mafuta mchanganyiko wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 hubeba mililita 400 za oili, na oili hiyo ndiyo kilainishi pekee cha pistoni na beringi. Filta ikibana petroli, inabana na oili. Mashine inakimbia moto wote, mchanganyiko ni mkavu, joto linapanda, oili inapungua, na pistoni inaungua. Hasara ya bloku haina uwiano wowote na bei ya filta.

Kwa hiyo nakataa ile tiba ya kuitoa filta na kupiga dairekti. Nakataa pia filta ya pikipiki, ingawa ni rahisi na ipo kila duka. Pikipiki ya cc 150 inayokwenda kilomita 40 kwa lita hutumia lita moja na nusu kwa saa ikiwa kasi ya 60. Mashine ya 40 hutaka mara kumi ya hapo. Filta hiyo, hata ikiwa mpya kabisa, inaweza kuibana.

Kuna kitu kimoja filta haiwezi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli hupita kwenye filta yoyote, kwa sababu yameyeyukiana nayo. Tanzania iliweka vinasaba kwenye mafuta kuanzia 2010, na Kenya mwaka 2018 ilitoza shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, yote kupambana na uchakachuaji. Mvuvi kinga yake ni kituo anachokiamini.

Boti za watalii zenye fostroki ya sindano zina hesabu tofauti. Hizo zinalala wakati wa masika, petroli inachacha ndani, na matundu ya nozeli ni madogo mno kusamehe. Huko kalenda inafanya kazi: filta ya kutenganisha maji, ya maikroni 10, ibadilishwe kila baada ya saa 50 hadi 100, na kabla boti haijarudi kazini hata kama saa hazijatimia. Paka oili kidogo kwenye mpira wake, kaza kwa mkono bila spana, jaza kwa pampu ya mkono, uangalie kama inavuja kabla ya kuwasha.

Kwa mwenye mashine ya 15 anayevua kila siku, hukumu yangu ni hii: tazama kikombe kila Ijumaa, osha ukiona maji au chenga, badilisha kila dumu la kumi na mbili. Na nunua mbili kwa mpigo. Ya pili ikae kwenye boksi la plagi, pamoja na bisibisi na klipu mbili za mpira, isishuke botini.