Mpira Mwembamba Unaoitawala Turbo

Boneti ya gari la turbo ikifunguliwa baada ya kubadilishwa intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, macho ya watu hukimbilia vitu vikubwa: ile intakula mpya iliyokaa mbele ya rejeta, na mapaipu ya alumini yanayong'aa. Mimi hutafuta mipira ya silikoni yenye tundu la milimita 4 hivi, inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye kidhibiti cha presha. Mipira hiyo ndiyo humwambia mtu kama gari limepita mikononi mwa fundi.

Tuchukue Subaru Impreza WRX, gari lenye wapenzi wengi Kenya, nchi ambako dereva wa mbio za magari Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiendesha Impreza. Kiwandani, intakula ya WRX huwekwa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likienda kasi, upepo huingia na kuipoza. Likikwama kwenye foleni ya Nairobi, upepo hakuna, na joto la injini hupanda moja kwa moja hadi kwenye intakula. Ndiyo maana wengi huihamishia mbele, nyuma ya bampa.

Faida yake ni ya kweli. Hewa ya nyuzi 25 ikishindiliwa na turbo hadi bar 1 juu ya presha ya kawaida, hutoka humo ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa moto imetawanyika, hivyo hubeba oksijeni kidogo katika kila silinda, tena huweza kufanya petroli iwake ovyo na kuvunja pistoni. Lakini kuhamisha intakula ni kubadili safari nzima ya hewa. Njia imerefuka, na intakula yenyewe ina ukinzani, kwa hiyo presha inayotoka ni pungufu kuliko iliyoingia. Basi mfumo unaoiambia turbo ikomee wapi lazima ufikiriwe upya.

Mfumo huo ni mwepesi kuuelewa. Kando ya turbo kuna kikombe cha chuma chenye kiwambo na springi. Mpira mwembamba hukiletea presha. Presha ikiishinda springi, fimbo husukuma mlango mdogo uitwao westigeti, na sehemu ya moshi wa ekzosti hupitia pembeni bila kuizungusha turbo. Kidhibiti hukaa katikati ya njia hiyo na kupunguza presha inayofika kwenye kikombe, ili mlango ukawie kufunguka. Mpira huo ukichomoka, kikombe hakipati habari yoyote: mlango hubaki umefungwa, na turbo huendelea kushindilia hewa hata injini ikiwa imezidiwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni hili: presha ichukuliwe wapi? Ikichukuliwa baada ya intakula, inakaribia ile inayopokelewa na injini, lakini habari hukawia, na turbo hulazimika kufidia kila kinachopotea njiani. Ikichukuliwa kwenye manifoldi, inayogawa hewa kwa silinda, mguu ukiachia mafuta presha hugeuka kuwa mvuto. Fundi ninayemstahi huichukua kwenye mdomo wa turbo, ambako habari ni ya upesi, kisha huiweka geji kwenye manifoldi ajue injini yenyewe inapata kiasi gani.

Halafu hutafuta kitu ambacho wengi hawajui kipo. Ndani ya mpira wa kiwandani wa Subaru kumefichwa kipande kidogo chenye tundu jembamba, kilichowekwa kufanya kazi pamoja na solenoidi ya awali, yaani kidhibiti cha umeme cha kiwandani. Akifunga solenoidi ya njia tatu na kukisahau humo, kikombe kitapata presha kwa kuchelewa, na sindano ya geji itaruka kupita kiwango. Anakitoa. Kisha huipanga mipira kwa namna ambayo umeme wa solenoidi ukikatika, presha yote iende kwenye kikombe na gari lirudi kwenye kiwango cha springi. Amefikiria siku ya hitilafu kabla haijafika, na hilo ndilo linalonivutia kuliko yote.

Kinachofuata ni subira tupu. Mipira hukatwa mifupi, bila kukunjika, mbali na joto la turbo, kila ncha ikiwa na klipu yake. Mdomo wa kuingizia hewa huzibwa, hewa ya kompresa huingizwa, na maji ya sabuni hupakwa kwenye kila kiungo hadi pasiwe na povu linalotoka popote. Kompyuta ya injini hupangwa upya. Barabarani, kidhibiti huanzia chini kabisa na kupandishwa kidogo kidogo, fundi akisoma geji na mchanganyiko wa hewa na petroli kila hatua.

Nairobi ina somo lake la ziada. Iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya bar 0.83 hivi. Ili geji isome bar 1, turbo huko huizidisha hewa mara 2.2, Mombasa ingeizidisha mara 2 tu. Lakini gari hilohilo likiteremka pwani na geji ikasoma bar 1 ileile, presha halisi ndani ya injini inakuwa imepanda kutoka 1.83 hadi takriban 2, tena katika joto kubwa zaidi. Fundi mzuri hupanga gari akikumbuka kwamba mwenye gari atasafiri, naye huacha nafasi.

Nguvu ya farasi hununuliwa. Duka lolote la vipuri litakuuzia intakula kubwa. Kujua nguvu ikomee wapi, na kuhakikisha inakomea hapo kila siku, ni kazi ya mtu anayeheshimu mashine na maisha ya anayeiendesha. Ukienda kuchukua gari lako gerejini, usianze kwa kuuliza limeongezeka nguvu kiasi gani. Muulize fundi presha ameichukua wapi, na kwa nini. Akikueleza bila kubabaika, mlipe haki yake yote.