Ekseli kwa Ekseli

Atokaye Dar es Salaam na mzigo wa Tunduma hapiti Vigwaza bila kupimwa. Malori hujipanga kando ya Barabara ya Morogoro, matandiboi hushuka kununua maji na mihogo ya kukaanga, madereva husogea hatua kwa hatua hadi mizani. Mgeni hudhani hapo linapimwa lori zima, kama mangi apimavyo sukari. Sivyo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba lifike tani 56 pamoja na mzigo wake, lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake. Lori laweza kuwa chini ya tani hizo na bado likazuiwa, kwa kuwa mzigo umelalia upande mmoja. Utamsikia dereva akilalama: jumla iko sawa, ekseli ya tatu ndiyo imezidi.

Hayo nilifundishwa na mpwa wangu, ambaye ni tandiboi. Sikujua kwamba siku moja yatanisaidia kusoma riwaya.

Tulikwenda Vigwaza kumposea, miaka kadhaa sasa. Tulikuwa wanne: mimi mshenga, mzee mmoja wa heshima, na shangazi zake wawili waliovaa kanga za sare. Barua ya posa ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya leso nyeupe, leso juu ya sinia lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Kwa Wakwere ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo aliyetukabili hakuwa baba wa binti bali mjomba wake, mzee mkavu wa maneno, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki huku redio ikiimba chini chini miguuni pake. Hakuizima.

Nilianza na maneno ya kawaida ya washenga, yale ya ua lililoonekana bustanini. Ua hilo limechumwa na washenga wengi mno hata limenyauka, nami nilijua, lakini nilikuwa sina jingine. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia bila kuficha kwamba kabla yetu amekuja mtu mzima mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chalinze. Ana nyumba. Ana pikipiki mbili zinazoingiza hesabu kila jioni. "Nanyi, ndugu zangu, mmekuja na nini?"

Nikasema vijana wanapendana.

Akacheka kidogo, wala si kwa dharau. "Wanapendana. Na masika ikinyesha, watajifunika hayo mapenzi?"

Sikuwa na jibu. Tukaambiwa tutaitwa, tukanywa chai, tukaondoka.

Mkobani nilikuwa na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, nakala yangu ya kufundishia kidato cha tano, kurasa zimeanza kuachana na gundi. Nimeifundisha riwaya hiyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikiandika ubaoni sentensi ile ile: Yasmin anakimbia ndoa ya pesa na kufuata mapenzi. Jioni ile, nimekaa kwenye daladala iliyokwama nyuma ya malori ya mizani, niliona sentensi yangu ni ya mtu aliyepima jumla tu.

Tazama fundi anavyofanya kazi. Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa miaka 52. Mwandishi mvivu angempa Raza bakora na jicho jekundu, msomaji amchukie, mambo yaishe. Raza wa Shafi si jitu la hadithi. Ni mtu mzima anayetaka kupendwa na mtoto, akidhani kwamba mali ikitumika vizuri itaziba miaka 37 iliyo kati yao. Hilo linatisha kuliko bakora, maana bakora huiona kila mtu. Umri ule wa miaka 15 si wa zamani sana kwetu: ndio uliowekwa kwa msichana katika Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, mzazi akiridhia. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda kuipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016 kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Nikifika kwenye sura zile darasani, wavulana hucheka tofauti ya umri. Wasichana huwa kimya.

Yasmin anatoroka. Hapa mwandishi mwingine angemfungulia mlango wa mpenzi, awe salama. Shafi anampeleka kwanza kwa mjomba wake, naye anafukuzwa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa mtaa wa Ng'ambo, chumba chake na vurugu zake na roho yake kubwa. Nimelisoma tukio hilo miaka yote hiyo nikidhani ni kituo cha njiani, mahali pa kumpumzisha Yasmin mpaka mpenzi wake, Denge, afike. Kumbe pale ndipo ufundi ulipo. Sisi tunagombana kama binti aegemee mali au moyo, na mwandishi ametia mkononi mwa Yasmin kitu cha tatu ambacho hakimo katika mzozo wetu: shoga mwenye ufunguo wa chumba. Paa linalomkinga Yasmin na mvua halikutoka kwa mume wala kwa mpenzi.

Kisha ndiyo anakuja Denge, aliyesoma Urusi, anayewindwa na polisi wa mkoloni, asiye na kazi wala usiku wa kulala kwa utulivu. Mapenzi yapo, ya kweli, na Shafi hayabezi hata kidogo. Lakini anayapima vilevile. Kumpenda Denge kuna bei, nayo inadaiwa kwa Yasmin: Inspekta Wright anataka kumtumia binti yule kama chambo. Aliyeikimbia nyumba ya tajiri kwa sababu alifanywa bidhaa, sasa serikali nayo inataka kumfanya mtego. Mzigo umehama tu, kutoka ekseli moja kwenda nyingine. Mwishoni Yasmin haishi na Denge. Anaolewa na Bukheti, mtu ambaye wanafunzi hulazimika kurudi nyuma kurasa nyingi kumkumbuka. Hukasirika sana. Huniuliza kwa nini mwandishi amewanyima harusi waliyoingoja. Zamani niliwajibu kwa maneno makubwa ya dhamira na falsafa. Siku hizi nawaambia Shafi ni mpimaji mwaminifu, basi. Amil Shivji aliigeuza riwaya hii kuwa filamu mwaka 2021, nayo inapendeza machoni, ila uso wa mwigizaji mzuri hautaji kodi ya chumba ni shilingi ngapi.

Ugenini pia yuko fundi wa namna hii. Jane Austen, Mwingereza, katika Pride and Prejudice ya mwaka 1813, haoni haya kutaja fedha: anakwambia bwana fulani ana pauni elfu 10 kwa mwaka kabla hujajua kama ana moyo. Na anaye Charlotte Lucas, wa miaka 27, asiye na urithi, anayekubali kuolewa na Bwana Collins mpumbavu ili apate kwake. Rafiki yake anashangaa. Mwandishi hamcheki Charlotte. Anatuonyesha namna anavyopanga vyumba vya nyumba ile ili mumewe akae upande mwingine. Austen alikuwa akiijua mizani hiyo kwa mwili wake. Desemba 1802 aliposwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa nyumba kubwa, akakubali jioni, kulipokucha akakataa. Hakuolewa maisha yake yote, akaishi kwa kutegemea ndugu na vipato vidogo vya vitabu. Aliyelipa gharama za upande mmoja ndiye aliyeweza kumwandika Charlotte bila kumhukumu.

Ninachokipenda kwa mafundi hawa wawili ni ujasiri wa kuvua. Sisi watu wa Pwani tumeivisha fedha nguo. Baba hapewi pesa, anapewa kilemba. Mama hapewi pesa, anapewa mkaja, ile nguo ya kujifunga tumbo baada ya kujifungua, na ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Zote ni nguo, nazo zote siku hizi huja kwa noti ndani ya bahasha. Sisemi ni unafiki. Ni adabu, na adabu hiyo imezuia ugomvi mwingi barazani. Lakini lazima awepo mtu mmoja katika jamii ambaye kazi yake ni kuifungua leso na kuhesabu kwa sauti, tena si noti peke yake: hofu ya mama, umri wa binti, kodi ya chumba, shoga aliye karibu, polisi aliye mlangoni. Mwandishi wa riwaya ndiye huyo. Mshenga hawezi. Nilijaribu.

Mjomba wa Vigwaza naye, nikimfikiria sasa, hakuwa adui wa mapenzi. Aliuliza swali la masika kwa sababu ameziona masika nyingi, na binti za dada zake wamerudi kwake na watoto mgongoni. Nilichoshindwa siku ile ni kumjibu kwa hesabu. Nilimpa neno moja zito nikitaraji litazishinda pikipiki mbili.

Baada ya wiki tatu simu ikalia. Nikaelezwa baadaye kwamba bibi wa binti ndiye aliyeingia chumbani na mjukuu wake, wakakaa muda mrefu, akatoka na masharti. Dereva aliyezidisha ekseli moja hahitaji kumwaga mzigo barabarani. Huingia pembeni, hufungua turubai, husogeza magunia mbele mpaka uzito ukae. Bibi alifanya hivyo hivyo. Mahari ikapunguzwa. Kijana akatakiwa apange kwanza chumba chenye dari isiyovuja, tena bibi mwenyewe akakikague, na binti aendelee na cherehani yake, fedha ya cherehani iwe yake. Mwenye duka wa Chalinze akarudishiwa leso yake kwa heshima.

Bibi alikikagua kweli. Alisimama katikati ya chumba, akatazama juu, akaomba kijiti, akagonga dari mahali patatu.

Mkaja tulilipa siku ya harusi. Kilemba bado, na mjomba anajua lori la mpwa wangu hupita lini: likiwa kwenye foleni ya mizani, humpigia simu.