Msumeno Uliogeuka Plau

Aliyelima udongo mweusi wa mbugani haelezwi adha yake. Mvua ikishanyesha, udongo ule hushika kila kitu: kwato za maksai, miguu ya mtoto anayewaongoza, na plau yenyewe. Ndiyo maana utamwona mzee wa Kanda ya Ziwa aliyekwenda dukani kuchagua plau akipitisha kiganja polepole juu ya lile bamba linalogeuza udongo, kabla hata hajauliza bei. Anatafuta mkwaruzo. Penye mkwaruzo tope litaganda, na tope likiganda plau haizami tena ardhini, inaburuzwa tu.

Kiganja kile, bila mwenyewe kujua, kinakagua kazi iliyofanywa na mhunzi mmoja miaka karibu 190 iliyopita, kando ya mto Rock katika jimbo la Illinois, Marekani. Jina lake ni John Deere. Leo tunalisoma kwenye matrekta ya kijani na manjano, na wengi wetu hulijua kama jina la kampuni. Kabla ya hapo lilikuwa jina la mtu mwenye mke, watoto, madeni na kibanda cha uhunzi kilichokwisha kuungua mara mbili.

Alizaliwa Februari 7, 1804, mjini Rutland, Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake, fundi wa kushona nguo, alipanda meli kwenda Uingereza John akiwa bado mdogo, na hakurudi. Mama akabaki kulea kwa sindano. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba somo la kwanza la mhunzi huyu lilitoka kwenye sindano hizo: ukiisugua sindano kwa mchanga mpaka ing'ae, hupenya ngozi bila kukwama. Mwaka 1821, akiwa na miaka 17, aliwekwa kwa mhunzi wa mji wa Middlebury afunzwe kazi kwa miaka minne.

Miaka minne ni mingi kwa kijana, lakini kwa uhunzi ni michache. Mwanagenzi huanza kwa kuvukuta. Anasimama kwenye mivukuto, anavuta na kuachia, na polepole sikio lake linajifunza tofauti ya pumzi inayoamsha makaa na pumzi inayoyapeperusha. Baadaye hupewa nyundo nzito, awe mpigaji wa pili. Siku moja ndipo hukabidhiwa koleo na kuambiwa atoe chuma motoni yeye mwenyewe, kwa wakati anaoona unafaa. Deere alipohitimu, majembe yake ya koleo na nyuma zake za kukusanyia nyasi kavu zilisifiwa kwa jambo moja hasa: ulaini. Alizisugua mpaka nyasi zikateleza zenyewe.

Mwaka 1827 alimwoa Demarius Lamb. Kisha mambo yakamwendea kombo: moto, mikopo, wadai. Mwishoni mwa 1836 aliondoka Vermont kwenda magharibi akiwa na dola 73 na vifaa vyake vya kazi. Alimwacha Demarius na watoto wanne na mimba ya wa tano. Mtoto huyo, Charles, alizaliwa Machi 1837 baba akiwa mbali, na Demarius aliwafikisha wote watano Illinois mwaka 1838. Uvumilivu tunaousifu kwenye fuawe ulikuwa na wa pili wake nyumbani, usio na cheche wala mlio.

Kijiji alichofikia mume wake kiliitwa Grand Detour. Miaka minne tu nyuma, mwaka 1832, Wasauk, wenyeji wa asili wa huko, na wenzao walikuwa wameshindwa katika vita vya kiongozi wao Black Hawk, na ardhi yao ikafunguliwa kwa walowezi. Walowezi hao walikuja na plau za huko walikotoka, zenye bamba la chuma cha kalibu. Kwenye udongo mwepesi wa Vermont zilifanya kazi vizuri. Kwenye nyika ya Illinois, yenye udongo mweusi mzito uliofungamana na mizizi ya nyasi za karne nyingi, zilishindwa. Kila baada ya hatua chache mkulima alisimamisha wanyama, akainama, akakwangua tope kwa kijiti, akaendelea, akasimama tena. Mhunzi pekee kijijini alisikia malalamiko hayo kila siku, kwa sababu kila plau iliyovunjika ililetwa kwake.

Katika kinu cha kupasulia mbao cha Leonard Andrus, mwasisi wa kijiji, Deere aliona msumeno uliovunjika. Ulikuwa wa feleji, chuma kigumu kinachoshika makali, kitu adimu sana huko wakati huo. Mtu mwingine angeona taka. Yeye aliona kwamba pande zote mbili zilikuwa zinang'aa, kwa kuwa magogo yalikuwa yamezisugua miaka yote ya kazi. Akauomba.

Uzeeni alisimulia jinsi alivyougeuza msumeno huo kuwa plau mwaka 1837, na masimulizi yake ni ya mhunzi kweli: hayana majigambo, yana hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuyakata meno. Yeye alishika tindo, msaidizi akashika nyundo nzito. Kazi hii hutaka watu wawili wanaoaminiana. Mwenye tindo huiweka wima juu ya bamba, nyundo inashuka, naye anaisogeza kwa upana wa makali yake tu, ili mkato mpya uanzie pale ule wa zamani ulipoishia. Mpigaji hatazami mkono wa mwenzake. Anatazama kichwa cha tindo. Akiutazama mkono, ataupiga. Jino moja baada ya jingine yakaanguka, ukabaki ukanda mtupu wa feleji.

Hatua ya pili ni moto, na hapa ndipo masimulizi yake yana sentensi ninayoipenda kuliko zote. Alisema aliweka motoni kiasi kile kidogo alichoweza kukipasha kwa mara moja. Tanuri lake lilikuwa dogo na bamba lilikuwa kubwa. Hakuweza kulipasha lote na kulikunja kwa mkupuo mmoja. Alilipasha kipande, akakifua, kikapoa. Akasogeza, akapasha kinachofuata.

Nilikaa asubuhi moja kwa mhunzi mzee anayefua mapanga kwa springi za gari, nikaelewa kwa nini sentensi hiyo ina uzito. Kibanda chake kilikuwa na giza saa nne asubuhi, na nilipomuuliza kwa nini hafungui upande wa jua, alijibu kwamba jua linamwibia rangi. Mhunzi hupima joto kwa macho. Chuma kikiwa chekundu kama damu iliyoganda, hakijawa tayari. Ukikipiga kinaweza kupasuka. Kikifika rangi ya chungwa, kinakubali nyundo. Kikipita hapo kikawa cheupe na kuanza kurusha cheche ndogo kama nyota, feleji inaungua, na feleji iliyoungua hairudi. Kati ya kuwahi na kuchelewa pana pumzi chache za mivukuto. Vijana waliokuwa pale walisubiri kwa hamu matiko, pale panga linapochovywa na maji yakachemka kwa kishindo. Mzee alitumia sehemu kubwa ya asubuhi akiyatazama makaa tu, kimya.

Hatua ya tatu ni umbo. Bamba la plau si ubapa uliokunjwa. Chini linakata, katikati linanyanyua, juu linapindua, na udongo lazima usafiri kutoka chini hadi juu bila kukutana na kona. Plau ya Deere ya mwaka 1838, inayohifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, inaonyesha siri ya umbo hilo: pande moja la chuma lililokatwa kwa umbo la uru ya karata, likapindwa kwa mzingo mmoja mwanana. Kulipinda hivyo kwa nyundo ya mkono, kipande kwa kipande, ni kubishana na chuma. Ukiinua huku, kule kunashuka. Sehemu uliyoimaliza jana inavutwa na uliyoianza leo. Tena kila pigo la nyundo huacha kishimo, na kila kishimo ni kiota cha tope. Kwa hiyo mapigo hayawi mazito. Yanakuwa mengi, mepesi, uso wa nyundo ukitua sawasawa.

Baada ya bamba, alifua kiunzi cha kulishikilia kwa nondo za chuma. Kisha akaingia msituni. Aling'oa mche pamoja na mizizi yake, akatumia vipindo vya asili vya mizizi kuwa mikono ya plau. Seremala yeyote anajua sababu: mti uliopindwa na fundi hutaka kunyooka, uliopindwa na Mungu hubaki ulivyo. Mti wa kukokotea aliuchonga kwa shoka na kisu cha mikono miwili.

Mwisho ni kusugua. Moto huacha magamba meusi juu ya chuma, na ule mng'ao uliomvutia kinuni ulikuwa umefichwa na kazi yake mwenyewe. Ilibidi urudishwe. Katika kusugua hakuna cheche wala mlio. Kuna mkono unaokwenda na kurudi mpaka kidole kipite bila kukwama. Mwanagenzi wa Middlebury aliyesifiwa kwa ulaini alikuwa nyumbani hapo.

Aliiweka plau juu ya sanduku nje ya mlango. Mkulima kutoka ng'ambo ya mto aliiona, akauliza nani kaitengeneza, akaomba aende kuijaribu, ikifaa atalipa. Deere akamruhusu. Wiki mbili baadaye mkulima alirudi bila plau, akiwa na pesa, akataka nyingine mbili. Udongo ulikuwa umeteleza wenyewe, na plau ilitoka kwenye mtaro inang'aa kuliko ilivyoingia. Hilo ndilo jambo la ajabu katika kazi hii: mkulima alimalizia usuguaji wa mhunzi kila alipolima.

Haki isemwe: Deere hakuwa wa kwanza. Mhunzi mwingine wa Illinois, John Lane, alikwisha kutengeneza plau ya feleji ya msumeno mwaka 1833. Kilichomtofautisha Deere ni kwamba hakuacha. Mwaka 1839 alitengeneza plau 10, mwaka uliofuata 40, na mwaka 1842 zikafika 100. Misumeno iliyovunjika haikutosha tena, hivyo mwaka 1843 aliagiza feleji kutoka Uingereza, na mwaka 1846 kiwanda cha Pittsburgh kikamtengenezea ya nyumbani. Mwaka 1848 alihamia Moline, kwenye mto Mississippi, penye nguvu za maji na njia ya meli. Mwaka mmoja baadaye wafanyakazi wake walitoa plau 2,136.

Demarius alimzalia watoto tisa, akafariki mwaka 1865. Baadaye Deere akamwoa mdogo wa marehemu, Lucenia. Charles, yule aliyezaliwa baba akiwa safarini, ndiye aliyeikuza kampuni. Baada yake uongozi ulipita kwa wakwe na wajukuu wa ukoo hadi mwaka 1982. Mzee mwenyewe alifariki Mei 17, 1886, mjini Moline, akiwa na miaka 82.

Plau zile, na nyingine nyingi zilizozifuata, zilimaliza karibu nyika yote ya Illinois. Mahali pa nyasi pakawa mahindi. Uzuri wa chombo haufuti kilichofanywa nacho. Hata hivyo, mwaka 1962 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipofukua ardhi ya Grand Detour na kukipata kilipokuwa kibanda chake, mahali palipohifadhiwa palikuwa pale alipopasha chuma kidogo kidogo, kiasi alichoweza.

Msimu huu ukimaliza kulima, msomaji wangu mwenye plau, usiitupe uani na tope lake. Ifute, ipitishe kiganja, uipake mafuta machafu ya gari kabla hujaiweka juu. Kutu ya masika moja yatosha kuharibu ulaini ambao mtu aliutafuta kwa mkono, kipande kwa kipande.