Mahandaki ya Paris, Mapanki ya Mwanza

Mwaka 1962 Mfaransa Chris Marker alitoa La Jetée, filamu ya dakika 28 iliyoundwa karibu yote kwa picha mnato. Vita vya tatu vya dunia vimekwisha, Paris imeteketea, juu ya ardhi hapakaliki, na waliosalia wamejificha katika mahandaki ya Chaillot. Humo washindi huwafanyia mateka majaribio ya kuwarusha katika wakati uliopita na ujao, wakatafute chakula, dawa na nishati. Mateka mmoja huchaguliwa kwa sababu ameishikilia taswira moja ya utotoni: uso wa mwanamke kwenye baraza ya kutazamia ndege uwanjani Orly, na mtu aliyeanguka akafa. Safari yake humrejesha barazani hapo, naye hutambua kwamba aliyemwona akifa utotoni alikuwa yeye mwenyewe.

Mpenzi wa ushairi hapati tabu kuiingia filamu hii. Kila picha husimama kama mshororo, na maana huzaliwa katika kupokezana kwake na picha inayofuata. Mahandakini hamna mitambo ya ajabu. Mna vifuniko vya macho, mwanga hafifu na minong'ono ya Kijerumani, ambayo Mfaransa wa mwaka 1962 hakuhitaji kufafanuliwa. Mara moja tu picha hutikisika: mwanamke aliyelala afumbua macho. Baada ya mnato mrefu, kupepesa huko kwa kope kunakuwa tukio kubwa kuliko vita vyenyewe.

Mwaka 2004 ilitoka filamu nyingine iliyotengenezwa kwa ubia wa Ufaransa, Austria na Ubelgiji: Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria. Hii si hadithi ya kubuni; ilipigwa Mwanza. Hata hivyo huanza kama ndoto: kivuli cha ndege chateleza juu ya maji ya Ziwa Victoria, na katika mnara wa kuongozea ndege mtu apambana na mdudu dirishani. Ndege kubwa za Ilyushin hushuka, hupakia minofu ya sangara, hupaa kwenda Ulaya. Nyuma hubaki mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kuvuliwa nyama. Watoto wanaoyeyusha vifungashio vya plastiki ili wavute mvuke wake. Na mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, aonaye vita kuwa ajira.

Awe amekusudia au la, Sauper ametumia lugha ile ile ya Marker: usiku, nyuso zinazotokeza gizani, uwanja wa ndege kama mlango wa hatima. Mwanza imekuwa handaki lisilo paa. Wala mengi ya hayo hayakubuniwa. Sangara, aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, aliwala furu hata aina nyingi zikatoweka, na mapanki yalikaangwa yakaliwa na wasiomudu minofu.

Kasoro yaanzia hapo hapo penye nguvu. Marker aliibuni Paris yake. Giza lake ni sharti la hadithi. Mwanza ya Sauper ni mji ulio hai, wenye masoko, shule, na taa za wavuvi wa dagaa zinazometa ziwani usiku. Kinachopunguza giza hukatwa. Swali kwamba ndege hizo huleta silaha huulizwa mara kwa mara, lakini linalotolewa ni masimulizi, likiwamo la rubani anayekiri kuwa amewahi kupeleka shehena ya kivita Angola. Pengo kati ya Angola na Mwanza hujazwa na kimya na kivuli. Katika shairi hiyo ni haki ya mtunzi. Katika ushahidi ni deni.

Mwaka 2006, filamu hiyo ilipokuwa imetunukiwa César na kuteuliwa kuwania Oscar, Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani. Wakubwa walitetea jina la mji, na wapenzi wa filamu wakatetea dhamiri ya Ulaya. Mkaanga mapanki hakuwa na wakili upande wowote.

Jambo analomzidi nalo Marker si giza, ni kumbukumbu. Mateka wake ana taswira ya kushikilia, na kwayo anabaki mtu. Watu wa Sauper huulizwa juu ya njaa, ukahaba na vita. Ni nadra kuulizwa wanakumbuka nini. Pametokea palipo tofauti: mwanamke mmoja, katikati ya marubani, aiimbia nchi yake. Baadaye filamu yaarifu kwamba ameuawa na mteja. Wimbo huo ndio kope linalofumbuka katika filamu nzima, na haukuhitaji kivuli cha ndege ili uume.

Ziwa hilo halikukosa msemaji wake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo wakati haufuati mstari na dunia imevurugika, lakini anayetembea gizani ndiye anayeuliza. Anayeitazama filamu ya Sauper, na aitazame, lakini azisome riwaya hizo kwanza. Ndipo atakapoona ni maswali mangapi ambayo kamera, ilipofika Mwanza, haikuwaachia wenyeji wayaulize.